Achari ya Nusu Saa

Mjini wamezuka mafundi wa achari. Fundi huchukua embe bichi, akalikata vipande vyembamba, akachemsha siki na maji nusu kwa nusu, akatia chumvi, sukari na pilipili manga, akamimina yakiwa moto kwenye chupa ya kioo. Kisha hupiga picha. Hiyo picha ndiyo kiungo kikuu. Pilipili manga ni pambo tu.

Sisemi si tamu. Embe bichi halina makosa: watoto wa shule pale Mombasa hulitafuna getini kwa chumvi na pilipili ya unga, bila siki wala hotuba. Kinachochekesha ni hadhi. Bibi zetu wa Lamu na Unguja walitia ndimu chumvi, wakazianika juani siku kadhaa, wakazigeuza, wakaziingiza ndani wingu lilipotanda, wakangoja tena. Hakuna aliyewaita wabunifu. Huyu wa nusu saa tayari ana lebo yenye jina lake, na wifi yake amekatazwa kugusa chupa mpaka wageni wafike.

Haya, fundi, walau lijue hili: siki yako umeizimua kwa maji, na chupa yenyewe hukuichemsha baada ya kuifunika. Hiyo si akiba ya kupanga kabatini ikingoja Ramadhani. Iweke kwenye friji, imalize ndani ya wiki mbili hivi, na hao wageni uwapikie na wali.