Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Jiografia Bila Kumwondoa Kwenye Kochi

Mzazi mwenzangu wa Roseville, una bahati. Umehamia upande uleule wa kaskazini mwa Saint Paul ambako MECC, shirika lililoundwa na jimbo la Minnesota mwaka 1973, lilikuwa likitengeneza michezo ya kompyuta kwa ajili ya shule. Theluji ikishafunga mlango, fungua The Oregon Trail, toleo la 1985. Usithubutu kumwambia mtoto kwamba ni masomo.

Mchezo huu ulitungwa mwaka 1971 na Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakiwa bado walimu wa mazoezi. Skrini haikuwepo, mashine ilichapa kwenye karatasi, na aliyetaka nyama aliandika BANG upesi. Mzembe alirudi mikono mitupu. Walimu wetu wa imla wangeupenda sana.

Mtoto huanza kwa kuchagua kazi. Hapo simama nyuma ya kiti chake, kohoa kidogo. Mtu wa benki huanza na dola 1,600, seremala 800, mkulima 400. Akichagua benki, mpigie makofi. Ila usimwambie kwamba mwishoni alama za mkulima huzidishwa mara tatu; utakuwa umebomoa mawaidha yote uliyompa kuhusu udaktari.

Kisha ataulizwa majina ya wasafiri wenzake. Tafadhali, asiandike Bibi. Kuhara damu kule njiani hakuchagui umri, na mtoto akipaza sauti “Bibi amekufa!” wakati unaongea kwa simu na shangazi wa Tanga, msiba utatangazwa hadi Korogwe kabla hujapata nafasi ya kukanusha.

Baada ya wiki chache atakutajia Fort Laramie na Chimney Rock kama anayetaja vituo vya daladala. Dunia yake itakuwa barabara moja, kutoka Independence, Missouri, hadi Bonde la Willamette, na mto kazi yake ni kuzamisha gari la ng'ombe. Kwenye Mto Snake atakutana na Mshoshone atakayemvusha kwa malipo ya nguo. Asikuulize ardhi ile ilikuwa ya nani, ng'ombe wanasubiri.

Ukiona Afrika imeachwa nyuma, tulia. Mwaka 1995 MECC walitoa Africa Trail, kwa kufuata safari ya Dan Buettner wa hapahapa Minnesota, aliyeendesha baiskeli kutoka Tunisia hadi Afrika Kusini. Bara zima, mataifa na lugha zake, limepangwa vizuri kati ya pancha moja na nyingine. Hata Waafrika wamo, pembeni mwa barabara.

Akishafuzu, mpe simu amuulize shangazi namna ya kufika Lushoto.

“Unapita Segera, mwanangu, halafu Korogwe. Ukifika Mombo ndiyo unaanza kupanda mlima.”

“Sawa, shangazi. Ninunue ng'ombe wangapi?”