Barua ya wazi kwa meneja wa benki yangu

YAH: KADI INAYOONGEA BILA KUULIZWA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa kadi mpya yenye vimistari vya mawimbi. Hamkuniuliza kama naitaka, na gharama yake mkaikata wenyewe nisisumbuke. Ni ya kugusisha tu. Kilosa hapa nimeionyesha sokoni, kwa mama ntilie na kwenye bajaji. Wote wamenijibu kwa adabu kwamba wanapokea taslimu au pesa ya simu.

Kisha mkanitumia ujumbe: usimpe mtu yeyote taarifa za kadi yako. Mimi nimenyamaza, Meneja. Kadi ndiyo hainyamazi. Simu yenye NFC, yaani inayosoma kadi kwa mawimbi, ikiisogelea sentimita chache, inaambiwa namba ya kadi na mwezi wa kuisha muda. Namba ya siri haitoi, nakubali, ila malipo madogo hayaihitaji. Na aliyewahi kupanda basi la Mikumi kupitia Ulaya (hii yetu) anajua kuwa humo ndani sentimita chache ni anasa.

Naomba basi kibweta cha bati, maana mawimbi hayo hayapenyi bati. Akitengeneze fundi wa hapa sokoni, yule wa vibatari na majiko ya mkaa. Kiwe na kufuli tatu: ufunguo mmoja wangu, wa pili wenu Morogoro, wa tatu wa mjumbe. Nikitaka sukari, tukutane watatu, tusaini daftari, tufungue, tugundue duka halina mashine, tufunge, tusaini tena. Posho ya mjumbe mtalipa nyie.

Mengine ni madogo: fomu yenye nafasi ya kuandika “sitaki”, na kijana wa dirishani aache kusema “mfumo ndivyo ulivyo”.

Maana siku hela ikiyeyuka, jibu lenu tunalo tayari: mteja mzembe. Nitafute RB polisi, nirudi baada ya siku za kazi, nipange foleni kuomba hela yangu mwenyewe kama ombaomba! Nyani wa Mikumi akikukwapulia ndizi, angalau hakulaumu.

Samahani, Meneja. Niliteleza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, hivyo nakala naipeleka kwa Tume yake. Hadi kibweta kifike, kadi nimeifunga kwa foili ya jikoni, na hela nitakuja kuitoa dirishani.

Mteja wenu mtiifu,
Kilosa