Pongezi kwa Uchunguzi wa Ubongo Usioigharimu Serikali Hata Senti

Kwa Wizara ya Afya na Serikali za Kaunti za Kisii na Nyamira

KUH: HUDUMA YA USIKU KWA WAZEE WA GUSII

Wizara na kaunti hizi mbili zinastahili pongezi kwa kuwaachia vijana wa vijijini kazi ya kutambua demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kunakoletwa na magonjwa ya ubongo, kazi ambayo kwingineko huwahangaisha madaktari kwa maswali marefu na picha za kichwa. Ajuza anayekutwa alfajiri katika boma la jirani, leso imemdondoka, akiuliza aliko mumewe aliyezikwa zamani, huwa ameshapimwa, na majibu yake ni neno moja: omorogi, mchawi. Tabibu angetaka kujua kwanza iwapo mgonjwa huchanganyikiwa zaidi jua linapozama, kama ilivyo kawaida ya maradhi haya. Jopo la kijiji halina muda huo, maana petroli imeshanunuliwa.

Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto eneo hili kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wakauawa huko Marani, kaunti ya Kisii. Si kila mtuhumiwa huwa mgonjwa, kwani wapo ambao dalili yao pekee ni ujane na shamba, mahali ambapo ardhi imegawanywa hata ndugu wanagombea mstari wa migomba. Kumbe uchunguzi huu hutatua na mirathi.

Kinachovutia zaidi kisayansi ni kwamba mfumo huu hujizalishia wagonjwa. Bibi asiyesalimiwa sokoni, ambaye wajukuu wamekatazwa kula kwake, huishi kwa hofu, na mwili wenye hofu humwaga kotisoli, homoni inayomfaa mtu kukimbia hatari ya dakika chache, lakini ambayo ikikaa juu kwa miezi huhusishwa na kudhoofika kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Usingizi hupotea, shinikizo la damu hupanda, mishipa midogo ya ubongo huharibika, na usahaulifu unaofuata huwa ushahidi mpya. Mwaka 2020 tume ya jarida la tiba la Lancet ilitaja elimu duni, shinikizo la damu na kutengwa na jamii miongoni mwa mambo 12 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa. La kwanza ajuza alipewa utotoni, shule ilipokuwa ya kaka zake. Mengine majirani humwongezea bila malipo.

Yamesalia maswali ya kiutaratibu. Wizara ieleze iwapo petroli italipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii au itaendelea kutoka mifukoni mwa wananchi, na iwapo Sheria ya Uchawi ya 1925, ambayo inamhesabu mkosaji hata anayemwita mwenzake mchawi, inafaa kufutwa kwa kuwachelewesha wachunguzi. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, nazo zielekezwe upya, kwa kuwa baadhi ya wazee wanaostahili kuzipokea wamehamia kwa binti zao walioolewa mbali, nao hawataki chifu ajue ni wapi.