Mkwilima Mwenye Penseli

Ukitaka kujua mahali fulani pana watu wangapi wasio na haraka, usisubiri sensa. Kaa chini ya mwembe, toa daftari, anza kuchora. Pale Puge, njiani kati ya Nzega na Tabora, watakujia kutoka pande usizozitarajia. Mtoto aliyetumwa chumvi atasahau chumvi. Mwenye bodaboda atazima pikipiki asije akachoma mafuta bure huku akikutazama. Na kila mmoja, hata yule ambaye hajashika penseli tangu alipomaliza la saba, atakuwa na la kusema kuhusu kazi yako.

Mimi nina balaa la ziada: ni Mzaramo wa Kisarawe niliyeoa Unyamwezini. Anayeujua utani wa makabila haya mawili ameshaanza kunionea huruma. Utani wenyewe ulikolea enzi za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani walitembea miezi kama mitatu kutoka Tabora, na kabla ya kuuona mchanga wa bahari walikuwa hawana budi kupita milangoni kwetu. Tulitozana, tukagombana, tukazikana. Kilichobaki hadi leo ni haki ya kutukanana hadharani na kunyang'anyana kuku bila mtu kukimbilia polisi.

Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Ambalo halikuwamo kwenye ratiba ni penseli. Ilikuwa mwezi wa kumi, mimi na mke wangu tunakwenda kuwasalimu wakwe, na simu yangu ikadumbukia kwenye choo cha stendi. Stendi gani, sisemi. Nilipochungulia niliiona bado inawaka, inaita, na jina la mke wangu liko juu ya kioo; alikuwa anataka kujua nimechelewa nini. Kijana wa mlangoni akaniambia kuingia ni bei ile ile ya wote, ila kutoa kitu ni maelewano. Nikaisamehe.

Abiria asiye na simu ni mtu wa kuogopwa, maana hana pa kuyapeleka macho. Nikatazama nje mpaka nje kukaisha, nikageukia ndani. Binti mmoja wa shule akaniazima penseli, nami nikaanza kumchora nyuma ya tiketi mzee wa kiti cha pembeni, aliyelala shingo imekatikia dirishani. Nilianza na sikio. Kila basi lilipopanda tuta, sikio likaongezeka. Tulipokaribia Nzega lilikuwa linamtosha tembo, na hapo ndipo mzee alipozinduka, akainamia tiketi yangu na kuuliza kwa upole:

"Kijana, huyo ni nani?"

"Marehemu mjomba wangu, shikamoo."

"Marahaba. Pole sana. Na hilo sikio ndilo lililomuua?"

Lakini sikuzuka tu na kuchora njiani. Shule ya msingi nilikuwa bingwa wa kunakili Madenge na Ndumilakuwili wa jarida la Sani nyuma ya daftari la Hisabati, na wenzangu walinilipa kwa ubuyu. Nyumbani wakubwa walikuwa bado wanamsimulia Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kama mtu wanavyomsimulia jirani aliyehama bila kulipa madeni. Nilidhani na mimi njia yangu ni hiyo. Kisha nikaingia sekondari, nikakutana na mende wa Baiolojia. Mwalimu alitaka mistari misafi, majina ya viungo yaliyopangwa kwa rula, na kivuli marufuku. Mende wangu alikuwa na kivuli na sura ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu, "Chora unachokiona." Nilikuwa nimemwona hivyo. Tangu siku ile nilichochora maishani ni mistari ya leja, na leja hazina masikio.

Nzega nikanunua kauntabuku, penseli za HB na wembe wa kuchongea. Mke wangu alinitazama kwa namna anayomtazama mtu mwenye homa, akanyamaza. Nikamweleza kwamba niko kwenye mkumbo wa watu wazito. Kapteni James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alitoka pwani mwaka 1860 akiwa na kamera. Enzi hizo picha ilisafishwa palepale, kwa vioo na dawa, ndani ya kihema. Joto la kihema lile lilikuwa kali kiasi kwamba Speke aliona mwenzake atakufa kabla hawajafika popote. Kamera ikarudishwa pwani. Grant akashika penseli na rangi za maji. Mapema mwaka 1861 walikuwa wamekwama Kazeh, hapo jirani na Tabora ya leo, wapagazi hawapatikani, na vita kati ya Waarabu na mtemi Manwa Sera vimeziba njia. Mwaka uliofuata Grant alikwama tena, Karagwe, kwa kidonda cha mguu, Speke akatangulia Buganda peke yake. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant, na michoro hiyo leo inatunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Mtu huyo alikuwa na mkono uliojeruhiwa vitani India mwaka 1857.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "yeye kamera iliondolewa isimuue, na wewe yako imekwenda chooni."

Huyo ndiye niliyemuoa.

Asubuhi, tukiwa tumeshafika Puge kwa wakwe, nikaenda kukaa ng'ambo ya kibanda cha mama lishe, kando ya lami. Kilikuwa kitu cha kuchoreka: nguzo zilizopinda kila moja upande wake, bati lililoshikiliwa na mawe, sufuria la wali lenye makaa juu ya mfuniko, ndoo ya kunawia yenye koki inayovuja taratibu. Nikanyoosha penseli mbele ya uso, nikafumba jicho moja, nikapima urefu wa nguzo, kama nilivyowahi kuwaona wachoraji wenyewe wakifanya.

Sasa, katika nchi hii, mtu anayefumba jicho na kupima kibanda kilicho kando ya barabara kuu haleti habari njema. Kawaida huyo hufuatwa na mwenzake mwenye kopo la rangi nyekundu, X inapigwa ukutani, wanapanda gari, mnabaki mnatazamana. Mama lishe akatoka na mwiko mkononi.

"Mwangaluka, baba. Hiyo ni ya kubomoa au ya fidia?"

"Ni picha tu, mama."

"Wote huwa wanaanza hivyo."

Haikupita muda, kijiwe kikagawanyika. Walikuwapo wa kubomolewa, walionuna na kunitazama viatu, na walikuwapo wa fidia, walioniletea kiti. Kufika adhuhuri wa fidia walikuwa wameshinda. Baba mmoja akachungulia ukurasa wangu na kulalamika kwamba nyuma ya kibanda nimechora miembe miwili, wakati yake ni mitano. Nikamwambia naona miwili. Akasema mitatu bado iko kwenye makopo, ila inakua vizuri. Mwingine akaniomba niongeze choo cha matofali upande wa kulia. Atakijenga wiki hiyo hiyo, nisiwe na wasiwasi. Fundi baiskeli yeye alitaka nimwondoe jirani yake kabisa. Kiongozi mmoja wa kijiji akaitwa. Akaipekua kauntabuku ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza barua ya utambulisho, akaambiwa na umati kuwa mimi ni mkwilima, yaani mkwe, wa mzee fulani, akatafakari, akatoa mhuri mfukoni na kuugonga katikati ya sufuria la wali. Nadhani ndiyo picha pekee ya ubwabwa Tanzania nzima iliyopita serikalini.

Simu isingeniletea hayo. Ukipiga picha kwa simu, watu hujipanga, hutabasamu, huondoka, imekwisha. Mchoro unakwenda polepole, na kitu kinachokwenda polepole kila mtu anapata nafasi ya kukidandia. Kwa muda wote niliokaa Puge sikuchora mstari hata mmoja peke yangu.

Ng'ombe, kwa mfano. Nilimchora ng'ombe dume wa shemeji, nikaridhika. Mtoto anayechunga, umri wa darasa la nne hivi, akasimama nyuma yangu na fimbo yake mabegani. "Huyu hana mahali pa kunyea," akasema. Nikarekebisha. "Nundu umeiweka kiunoni." Nikafuta. Akanitazama kwa huruma, akaja mbele, akaniambia nitazame vizuri: nundu inakaa juu ya mabega, na ng'ombe akiinama kula inalalia kidogo upande, pembe ya kushoto imechongoka kuliko ya kulia kwa sababu huyu anapenda kusugua kichuguu, na sikio lina mkato wa alama, ndio unaomtambulisha ni wa nani. "Ukimwacha bila mkato," akasema, "umemwiba." Mwalimu wangu wa Baiolojia angempenda sana mtoto huyu. Mimi nilimpenda baada ya kama saa moja hivi.

Baba mkwe alikuwa mtihani wa aina nyingine. Kwake hakuna utani. Mkwe ni heshima, unaongea ukitazama chini. Mama mkwe ndiye aliyeshikilia lazima nimchore mzee akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Utamchoraje mtu ambaye hutakiwi kumkazia macho? Nilichora miguu kwa uaminifu mkubwa, nikapanda taratibu hadi kifuani, na uso nikaukisia. Nilipompelekea, aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema, "Asante, mkwilima, umefanya kazi." Akainuka kwa utulivu, akazunguka nyuma ya ghala. Kutoka huko tulisikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

Aliyeniokoa ni babu wa mke wangu. Babu na mjukuu hutaniana bila mpaka, hivyo alikuwa na ruhusa ya kuniambia ukweli. Akaikagua miti yangu yote, akasema nimechora mti mmoja mara nyingi. Akachukua panga, tukaingia porini.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, miyombo ya huku haina subira: majani mapya yanatoka wakati ardhi bado imekauka, na hayatoki kijani, yanatoka mekundu, ya shaba, mengine ya waridi. Nilikuwa na penseli nyeusi. Vinyuki vile vidogo visivyouma vikanijaa machoni na puani kutafuta jasho, nami nikawa nachora kwa mkono mmoja na kujipiga makofi kwa mwingine. Babu hakuguswa na kinyuki hata kimoja. Alinionyesha mtundu uliochunwa gome zamani kutengenezea mzinga, pale palipochunwa pameacha kovu refu la kijivu. Kisha akanifikisha kwenye mninga. Majani yalikuwa yamekwisha, yamebaki matunda yananing'inia, akaniokotea moja chini, akaniambia niache mambo ya misitu, nichore hili.

Nikakaa nalo. Ni duara kama kiganja cha mtoto, ukingo mwembamba umekauka na kujikunja-kunja, ukilitikisa linachakarisha. Katikati pana donge lenye miiba migumu, imesongamana, inaelekea kila upande, na ukipapasa inakukataza. Kutoka kwenye donge vinatoka vimishipa vyembamba vinavyotambaa hadi ukingoni na kupotelea humo. Nilivifuata kimoja kimoja. Nilitia na kivuli, kingi, kwa makusudi. Nilipomaliza babu alilishika tunda mkono huu na karatasi mkono ule, akalinganisha, akasema, "Hili ndilo." Tangu ubuyu wa darasa la tano sikuwa nimelipwa vizuri namna hiyo.

Kwa furaha nikaegemea shina la mninga, upande uleule ambao babu alikuwa ametoka kuukata gome la dawa. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu hasa, mzito, na ukiingia kwenye nguo haujui sabuni. Shati langu lilikuwa jeupe. Tulipotokeza kijijini, babu mbele na panga, mimi nyuma na mgongo mwekundu, mama mkwe alipiga ukelele uliowatoa watu hadi kule kwenye lami. Waliokuwa kundi la kubomolewa walifika wa kwanza, na nyuso zao, nitasema tu, hazikuwa na majonzi niliyoyatarajia.

Usiku wa kuagana watani walikaa kikao. Mashtaka: Mzaramo ameingia Unyamwezini bila hongo, wakati hata misafara ya zamani ililipa hongo kwa kila mtemi, amefumba jicho mbele ya mali za watu, amemfanya ng'ombe awe na nundu kiunoni, na amemwaga damu ya mninga. Kauntabuku ikataifishwa hadi nitakapolipa mbuzi mmoja. Nilijitetea kwamba imekwishakaguliwa na serikali, wakasema ndiyo maana inagharimu mbuzi na si kuku. Walinirudishia ukurasa mmoja tu, wa tunda la mninga, kwa sababu babu aliwatisha. Picha ya kibanda ilikwishatolewa mapema; mama lishe ameibandika juu ya meza, na nasikia akiulizwa huwaonyesha ule mhuri na kusema kibanda chake kimeshapimwa.

Mbuzi sijalipa. Anayepita Puge karibuni, naomba anisalimie watani na awaambie mzigo uko njiani. Na kama una penseli, usipite moja kwa moja. Shuka, kaa chini ya mwembe, chora chochote unachokiona, lakini fumbua macho yote mawili.