Bei ya Sungura

Dubu hakuwahi kupika supu. Alikuwa na mamia ya mikahawa Marekani nzima, yenye jina moja, taa zilezile za rangi ya asali juu ya meza, viti vilevile vya ngozi ya bandia vilivyotazamana kama vya behewa la treni, na supu ileile ya viazi. Supu ilipikwa kiwandani, ikagandishwa ndani ya mifuko, ikasafirishwa kwa malori ya friji na kushushwa mlango wa nyuma. Kazi ya jikoni ilikuwa kuipasha moto na kuipima. Mnyama aliyekula kwa Dubu akiwa Florida, akija kupita Kansas miezi sita baadaye, alijua atakachokuta kabla hajashika kitasa cha mlango.

Silidharau jambo hilo. Msafiri mwenye njaa, ana watoto wawili wanalia kiti cha nyuma, hatafuti maajabu. Anatafuta choo safi na chakula ambacho mtoto hatakitema. Fred Harvey alilitambua hilo mapema sana. Mwaka 1876 alifungua mkahawa kwenye stesheni ya reli ya Topeka, Kansas, zama ambazo abiria walizoea chakula kibovu cha haraka haraka njiani. Kutoka hapo akatandaza nyumba za kulia kando ya reli ya Santa Fe, na abiria akawa na hakika ya mlo mzuri kituo baada ya kituo. Tawi la Dubu ninalolisimulia lilikuwa mwendo usiozidi saa mbili kwa gari kutoka Topeka hiyo, nje kidogo ya mji wa Salina, pale barabara kuu namba 70 inapokata nyika.

Mhudumu wa zamu ya mchana alikuwa Sungura. Ukoo wake ni wa siku nyingi Marekani. Hadithi zake zilivuka Atlantiki vinywani mwa Waafrika waliopelekwa utumwani, zikaendelea kusimuliwa katika mashamba ya Kusini: Sungura mdogo asiye na nguvu, anayewashinda wakubwa kwa akili. Huyu wa Salina alikuwa na akili hiyohiyo. Alikariri maagizo ya meza sita bila kuandika, alijua ni mtoto gani atamwaga juisi kabla hajaishika bilauri. Ila mbele yake hapakuwa na Simba wa kumtia kisimani. Palikuwa na karatasi ya mshahara.

Karatasi hiyo ilisema dola 2.13 kwa saa. Haikuwa siri, wala haikuwa kinyume cha sheria. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25, nacho hakijapanda tangu 2009. Lakini mfanyakazi anayepokea bakshishi, mwajiri wake anaruhusiwa kumlipa 2.13 tu, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Kinachobaki hungojewa kutoka mfukoni mwa mlaji. Bakshishi zisipotosha kufikia 7.25, mwajiri ndiye anayetakiwa kujazia. Bundi, mwandishi wa sheria za nchi, aliliandika hilo kwa hati nzuri. Hakuandika litakalompata mhudumu anayebisha mlango wa meneja mwisho wa wiki na kusema hazikutosha. Pale Salina, aliyebisha alijikuta wiki inayofuata amepangiwa meza za karibu na choo, Jumanne.

Babu wa babu yake Sungura alikuwa mtumishi katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, iliyoanza 1867, miaka miwili tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa. Kampuni iliwaajiri kwa wingi watu walioachiwa huru, ikawalipa kidogo, na sehemu kubwa ya riziki yao ikaachwa kwenye hisani ya abiria. Ilichukua chama cha wafanyakazi, kilichoundwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, na miaka kumi na miwili ya mapambano hadi kampuni ikatia saini mkataba mwaka 1937. Sungura alilijua hili nyumbani kwao. Bibi yake alikuwa akisema kwamba babu alipiga viatu rangi usiku kucha, na asubuhi akasimama mlangoni akitazama viganja vya watu.

Sasa tuje kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa Februari, theluji imeziba nusu ya njia. Ukoo wa Nyati uliingia ukitoka kanisani, wakubwa kwa wadogo wanane. Wote wakaagiza kitu kimoja: supu, saladi na mikate bila kikomo, kwa bei moja. Hapa naomba tutulie kidogo, maana ofa ya namna hii ni fahari ya mikahawa mingi kama ya Dubu, na walaji tumezoea kuifurahia bila kuuliza nani anaibeba. Kwa Dubu, bakuli la tatu ni senti chache za viazi na maji. Kwa Nyati ni raha. Kwa Sungura ni safari nzima: kwenda jikoni, kusubiri dirishani, kurudi na sinia begani, kuinama, kutabasamu, kuondoa bakuli chafu, kuanza upya. Na bakshishi huhesabiwa kwa asilimia ya bili, kwa kawaida kati ya 15 na 20. Bakuli la pili haliongezi hata senti moja kwenye bili. La nne pia haliongezi. Kwa hiyo miguu ya Sungura nayo ilitakiwa isiwe na kikomo, huku malipo yake yakiwa yamekwisha kufungwa tangu bakuli la kwanza.

Alikwenda. Akarudi. Mikate ikaisha, akaleta mingine. Katikati ya hayo ikagundulika kwamba ndama wa Nyati anatimiza miaka saba. Desturi ya nyumba ilikuwa kwamba wahudumu wote waache meza zao, wakusanyike, wapige makofi na kuimba. Wakaimba. Ndama akafunika macho kwa aibu na furaha, na nakiri furaha ile ilikuwa ya kweli, hata Sungura aliisikia kifuani. Lakini nyuma yake meza tatu zilikuwa zinangoja maji, na kila meza ilikuwa na kikompyuta kidogo kinachomwomba mlaji amhukumu mhudumu kwa nyota. Nyota nne kati ya tano zilisomwa ofisini kama kosa.

Saa mbili baadaye Nyati mkubwa alisimama, ameshiba mpaka mkanda unalalamika. Akamwambia, "Binti, una uso wa bashasha. Mungu akubariki." Akaacha dola tano juu ya bili ya karibu dola tisini. Sungura akaitikia amina. Sitaki mtu amchukie Nyati. Alikuwa mkulima wa ngano, mwaminifu, na aliamini kwamba aliyevaa sare ya Dubu analipwa na Dubu. Nani angemlaumu kwa kuamini jambo la haki kiasi hicho?

Meza ya pembeni alikaa Korongo, mzee kutoka Pangani, aliyevuka bahari kumtembelea mwanawe anayesomea kilimo katika chuo kikuu kilichoko Manhattan, mji wa Kansas. Mwanawe alitangulia nje kupasha gari moto. Korongo alisoma risiti polepole: chakula, kisha kodi ya mauzo ambayo haikuwemo kwenye menyu, kisha jumla. Chini ya jumla palikuwa na mstari mtupu. Akalipa jumla kamili, akaongeza sarafu kama ambavyo angefanya kwao, akaondoka. Mlangoni akakumbuka kofia yake. Aliporudi alimkuta Sungura ameshika ile risiti, macho yake yako kwenye ule mstari.

"Nimekosea mahali, mwanangu?"

"Hapana, baba. Umelipa sawasawa."

"Uso wako hausemi hivyo. Kwetu mtu akilipa pungufu huambiwa."

Sungura akatazama kwanza alikokuwa meneja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo iliyoandikwa ni bei ya supu, baba. Bei yangu haijaandikwa."

Korongo akavuta kiti akaketi tena. Akaomba menyu, akavaa miwani. Kila chakula kilikuwa na namba mbili, ya dola na ya kalori, kwa kuwa tangu Mei 2018 sheria ya shirikisho inailazimisha mikahawa yenye matawi 20 au zaidi chini ya jina moja kuandika kalori kwenye menyu. Mzee aliipitia yote, kuanzia supu hadi keki ya jibini, kisha akamwita meneja.

Meneja alikuwa Rakuni, mwenye weusi chini ya macho ambao safari hii haukuwa wa kuzaliwa tu. Naye alikuwa na namba zake za kutuma makao makuu kila usiku: dakika za kila meza, saa za kila mhudumu.

"Bwana meneja," Korongo akasema, "mmeniandikia hata uzito utakaoniingia tumboni. Kwa nini hamkuandika ujira wa huyu aliyenibebea sahani?"

"Mzee, tukiuweka humo supu itapanda. Supu ikipanda, wageni watavuka barabara waende kwa jirani."

Ng'ambo ya barabara paliwaka taa nyekundu za mkahawa wa nyama choma.

"Jirani naye ni Dubu," Sungura akasema.

Rakuni hakubisha. Majina mawili, mabango mawili, mwenye mali mmoja: huko ni jambo la kawaida. Kampuni ya Darden, kwa mfano, inamiliki Olive Garden ya vyakula vya Kiitalia na pia LongHorn ya nyama za kuchoma, na mlaji huhama kutoka moja kwenda nyingine akidhani amebadilisha mwenyeji.

Korongo akatoa noti, akazitia mkononi mwa Sungura. "Hii nimekupa leo," akasema. "Kesho atakupa nani?" Akavaa kofia yake akaenda zake.

Jioni ile Sungura na Kicheche waliketi nyuma ya jiko wakiviringisha uma na visu ndani ya vitambaa, kazi ambayo hakuna mgeni anayeiona wala kuitolea chochote. Kicheche alihudumia baa Ijumaa na Jumamosi usiku. Huko wageni hunywa, hufunguka, na kuna usiku aliotoka na dola mia mbili. "Dada, usitamani watubadilishie," akasema. "Dubu akitulipa kamili, mgeni atasema hawa wameshalipwa, atafunga pochi. Mimi nitakula nini?"

Hofu hiyo si ya kijinga, na haiko kwa Kicheche peke yake. Novemba 2024 wapiga kura wa Massachusetts waliulizwa kama wahudumu walipwe kima cha chini kamili kabla ya bakshishi. Wakakataa, na miongoni mwa waliopiga kampeni ya kukataa walikuwamo wahudumu wenyewe. Katika jiji la Washington wapiga kura walikubali 2018, baraza la jiji likafuta uamuzi huo mwaka uleule, wakakubali tena 2022. Ninamheshimu Kicheche, maana anatetea sahani ya watoto wake. Lakini nasimama na Sungura. Ijumaa usiku kwenye baa ni zamu ya wachache, na mchana wa Jumanne wenye theluji ni wa wengi, na kodi ya nyumba haiulizi ulipangiwa siku gani.

Wiki ile Sungura alipangiwa zamu mbili tu. Rakuni alisema ni kwa sababu ya hali ya hewa. Mwezi wa Aprili akafungasha, akapanda basi kwenda kwa dada yake Eugene, Oregon. Majimbo saba hayakubali hesabu ile ya Bundi: Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington. Huko mwajiri hulipa kima cha chini cha jimbo chote kutoka mfukoni mwake, na bakshishi huwa juu ya hapo. Julai 2024 kima cha Oregon kilikuwa dola 14.70 kwa saa katika kaunti ya Eugene, na zaidi ya hapo Portland.

Alitafuta kazi, akaipata palepale alipoizoea. Kwa Dubu. Taa za rangi ya asali, viti vya behewa, supu ya viazi kwenye mifuko, kikompyuta cha nyota mezani. Hata namba za meza zilikuwa zilezile, hakuhitaji kufundishwa.

Alipopokea mshahara wa kwanza alimpigia simu Kicheche, akamsomea karatasi mstari kwa mstari. Kicheche akanyamaza kwa muda, kisha akauliza lile lililokuwa linamkereketa.

"Na bakshishi?"

"Wanaacha. Supu imepanda kidogo, na bado wanaacha."

"Dubu je? Si walisema atafunga?"

"Mwezi ujao anafungua tawi la pili, ng'ambo ya mto. Wanatafuta wahudumu."