Marehemu Yupo Dukani

Wa kwanza kunililia alikuwa dereva wa bodaboda. Alizima pikipiki mbali kidogo, akavua kofia ngumu, akamsogelea fundi wangu kwa hatua za mtu anayeingia kwenye uwanja wa wafiwa. "Imekuwaje tena, jamani? Juzi tu nimempeleka Kariakoo, mzima kabisa." Akameza mate. "Tena ana elfu mbili yangu. Nimemsamehe."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, mdomo umejaa vipande vya waya. Akatikisa kichwa kwa uchungu. Uchungu ulikuwa wa waya, lakini kwa aliyekuwa chini jibu lilitosha.

Mimi nilikuwa nyuma ya duka, mikono kwenye beseni mpaka viwikoni, sina habari kwamba nimefariki.

Nina duka la maua Sinza. Kwa miaka mingi limekula Februari 14 na likashinda njaa miezi iliyobaki. Mapambo ya harusi yalishachukuliwa na maua ya plastiki ya Kariakoo, ambayo Jumamosi hii yanamuoza binti wa Mbezi, Jumamosi ijayo yanamuoza binti wa Tabata, na katikati ya wiki yanafutwa vumbi kwa kitambaa kibichi. Waridi langu linatoka Arusha kwa basi, linashuka stendi ya Magufuli limenuna, linataka maji, linataka kivuli, linataka kubembelezwa, na baada ya siku chache linakufa. Kamati ya harusi ikianza kupunguza bajeti, mimi ndiye wa kwanza kukatwa. Keki hata haiguswi.

Basi binamu yangu aliyeko Dubai akanitumia video ya ile bustani yao, Dubai Miracle Garden, iliyofunguliwa Februari 2013. Ndani yake kuna ndege aina ya A380, ukubwa ule ule wa kweli, imefunikwa maua kuanzia pua mpaka mkia. Chini ya video aliandika: "Wenzio wanapamba ndege, wewe unafunga shada kwa mpira wa sambusa."

Usiku huo sikulala. Nikazama mtandaoni, nikakutana na Lewis Miller, muuza maua wa New York. Huyu bwana, tangu 2016, hubeba maua yaliyobaki kwenye sherehe, na kabla hakujapambazuka anayashindilia kwenye mapipa ya taka ya barabarani, pipa likageuka chombo cha maua kikubwa kuliko mtu. Watu wakiamka kwenda kazini wanasimama, wanapiga picha, na jina la mwenye maua linatembea bila kulipiwa nauli. Nikasema hii ndiyo biashara. Mtu hasubiri mteja aingie dukani. Anamwekea kitu njiani ambacho hawezi kukipita. Nilifikiria kwanza kupamba pipa la taka la mtaani kwetu, lakini lenyewe liliibiwa mwaka juzi.

Nikaamua kujenga tao mbele ya duka. Mita tatu kwenda juu, mita nne upana, mashina mia saba. Aliyeniuzia Arusha akaniambia nyekundu zimeisha, nyeupe zipo tele na bei ni ya kirafiki. Nikachukua nyeupe zote, waridi na kanesheni. Kwani bibi harusi huvaa rangi gani? Nyuma ya tao nikatundika kitambaa cheusi ili maua yaonekane vizuri kwenye picha za simu. Kwa kuwa jua la Dar es Salaam halina huruma na ua lililokatwa, nikakodi turubai. Mkodishaji akanieleza kwamba turubai na viti ni mume na mke, haviachanishwi, kwa hiyo vikaja na viti vya plastiki hamsini. Nikavipanga mistari kwa mistari, visije vikazagaa. Katikati ya tao nikaweka bango lenye picha yangu kubwa ninatabasamu, na maneno niliyoyatunga mwenyewe kwa siku mbili, nikimlenga bibi harusi: HUTASAHAULIKA KAMWE.

Msomaji ameshaona. Mimi sikuona.

Kilichokuwa kimenizuia nyuma ya duka ni oasisi, ile sponji ya kijani wanayochomekea mashina. Anayeijua hainui sauti mbele yake. Tofali lake likiwa kavu ni jepesi kiasi kwamba upepo wa feni unalisogeza mezani. Unaliweka juu ya maji, unaliacha. Usiliguse. Litakaa linaelea kama halina haja nawe, halafu litaanza kuzama lenyewe polepole, kijani kibichi kikipanda kutoka chini na kukifukuza kijani kilichopauka, vipovu vidogo vikitoka pembeni, mpaka uso wake unakuwa sawasawa na uso wa maji. Hapo limeshiba. Ukiwa na haraka ukalizamisha kwa mkono, nje linalowa na katikati kunabaki pakavu, na shina litakalofika pale litakufa kwa kiu huku limezungukwa na maji. Kijana wa fundi, niliyemwachia nusu ya kazi, alikuwa anayakandamiza kama anafua jinzi. Nilipomkuta ameshakandamiza thelathini.

Nikaanza upya. Ndiyo maana nilichelewa kutoka, na ndiyo maana msiba ulipata nafasi ya kukomaa.

Nilipotokea barazani, aproni imelowa, viti ishirini na kitu vilikuwa na watu. Wanaume wameinamia simu zao, wanawake wameshika tama. Mama lishe jirani yangu, ambaye hajawahi kuninunulia hata jani, alikuwa kakaa mbele na daftari la mistari, anaandika majina na kiasi. Zilishafika shilingi 63,500. Mzee mmoja nisiyemfahamu alikuwa anaeleza jinsi nilivyokuwa mtu wa watu.

"Jamani," nikasema, "karibuni dukani."

Mama lishe akapiga yowe, daftari likaruka. Watu wa nyuma, ambao hawakuniona, wakadhani ndugu wa karibu kaingia, nao wakaitikia kwa kilio. Dereva wa bodaboda ndiye pekee aliyebaki na akili yake. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akahakikisha, kisha akanyoosha mkono. "Sista, kumbe upo. Basi elfu mbili yangu."

Nilijaribu kurudisha rambirambi. Hakuna aliyepokea. Waliniambia hela ya msiba ikishatoka mfukoni hairudi nyumbani, ni nuksi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alifika akiwa na hasira mbili: kwanza, kwa nini mtu amekufa mtaani kwake bila yeye kuarifiwa, pili, baada ya kuelezwa, kwa nini mtu hajafa. Mama lishe, akiwa mweka hazina, alikata shauri kwamba hela ipikiwe. Wali maharage ukapikwa. Nilikula sahani mbili kwenye msiba wangu, na niseme ukweli, alikuwa ametia nazi ya kutosha.

Tulikuwa bado tunakula tao lilipoanza kuinama.

Hapa nikiri hesabu yangu. Tofali la oasisi lisilo na uzito wowote, likishashiba, lina kilo mbili hivi, kwa sababu limebeba karibu lita mbili za maji. Mimi nilikuwa na matofali sabini. Ni kilo mia na arobaini, sawa na watu wazima wawili wanaoning'inia juu ya mlango, na bado hujaweka ua. Fundi alikuwa amepima fremu kwa matofali makavu. Na kwa kuwa kazi yake halisi ni fundi bomba, fremu aliitengeneza kwa anachokijua: mabomba ya plastiki ya maji. Tao halikuanguka kwa kishindo. Liliinama taratibu, kwa adabu, kama mzee anayesujudu, likafika chini, likalala, na maji yakaanza kutiririka kuelekea barabarani. Bango nalo likashuka taratibu mpaka picha yangu ikalala chali, inatabasamu, imefunikwa maua meupe mpaka kidevuni.

Simu zote zilikuwa juu zinarekodi.

Saa kumi na moja jioni mama yangu akapiga kutoka Tanga. Nikapokea.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Yule aliyekufa."

Kimya kirefu. Nikasikia anamwambia mtu pembeni kwamba yupo hai, tena ana jeuri ile ile. Kisha akarudi kwenye simu. "Sasa nimeshakata tiketi. Nakuja hivyo hivyo."

Video ilitembea wiki nzima kwenye status za watu, nyingine na mshumaa unaowaka pembeni. Na simu zikaanza kuita. Oda kumi na moja ndani ya siku nane, kwa mtu aliyekuwa akipata tatu kwa mwezi. Kumi zilikuwa za misiba. Ya kumi na moja ilikuwa ya kamati ya send-off, ambao walitaka tao kama lile "lakini lisianguke, na tafadhali lisiwe na picha ya mtu."

Sikuzitafuta oda za misiba, lakini baada ya miezi kadhaa nina maoni yangu. Kamati ya harusi hukutana mara sita kujadili kama waridi la pichi ni pichi kweli au ni la chungwa. Kamati ya msiba hupiga simu saa mbili usiku, inataja saa, inataja sehemu, inatuma hela yote kabla hujakata simu. Hakuna anayeuliza kuhusu plastiki. Kumpa marehemu ua la kufutwa vumbi watu bado wanaona haya. Na mteja mwenyewe hajawahi kurudi kulalamika.

Fremu sasa ni za chuma, na kila tofali naliloweka mwenyewe kwenye maji, nalisubiri lizame lenyewe. Turubai sikodi tena, linakuwa limeshafika kabla yangu.

Dereva wangu naye yupo. Asubuhi husimama mbele ya duka, anapiga honi mara mbili, anaita mtaa mzima unasikia: "Marehemu! Leo tunaelekea wapi?"

"Makaburi ya Kinondoni," namjibu, napanda nyuma na shada mapajani. "Na endesha polepole."

"Unaogopa nini tena wewe?" ananiuliza, anawasha pikipiki.

Elfu mbili yake nilishamlipa. Anadai ilikuwa tatu.