Kiukweli, Mimi Kama Mimi

Redio ya jirani yangu hapa Ihanda haizimwi, na jioni ya mechi nalazimika kusikiliza mahojiano ya wachezaji nitake nisitake. Mchezaji akiulizwa mechi ilikuwaje, hujibu hivi: kwanza kabisa anamshukuru Mungu, pili kiukweli mechi ilikuwa ngumu, kiukweli wapinzani walijipanga, ila kiukweli wao kama timu wanakwenda kurekebisha makosa. Toa hizo kiukweli zote, kinachobaki ni kwamba wamefungwa. Hilo tulishalijua, matokeo yalitangazwa kabla hajafungua mdomo.

Sina ugomvi na wachezaji, kazi yao ni miguu. Ugomvi wangu ni na maradhi yenyewe, maana yametoka redioni yakapanda gari za Vwawa, yakashuka Tunduma, yakarudi huku na mizigo. Siku hizi ukitafuta mtu wa kutoa maoni bila kuyawekea utangulizi utazunguka Mbozi nzima. Nilipeleka baiskeli kwa fundi. Akainama, akatazama, akajifuta mikono, akasema: "Mzee, binafsi naona mnyororo umekatika." Mnyororo ulikuwa unaburuzika chini, hata mbuzi aliyefungwa pale aliuona. Hiyo binafsi ni ya nini? Au kuna mnyororo unaokatika kibinafsi na mwingine unaokatika kwa azimio la kamati?

Na hao wa "mimi kama mimi" ndio wananimaliza. "Mimi kama mimi nadhani mvua zitachelewa." Wewe kama nani tena? Ulikuwa na mpango wa kudhani kama shemeji yako?

"Kimsingi" ndilo la hatari kuliko yote, nalo limetoka maofisini. Ukiambiwa kimsingi barabara imekamilika, usiuze viatu vyako vya matope. Kimsingi maji yapo, maana yake bomba lipo. Na ukimpeleka mgonjwa hospitalini, ukaambiwa kimsingi hali yake inaendelea vizuri, piga simu kwa ndugu waanze kutafuta nauli.

Wapo wataalamu wanaotukemea kwamba "kiukweli" si Kiswahili fasaha, tuseme "kwa kweli". Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967 na heshima yangu kwake haijapungua, lakini mimi silii na ufasaha. Hata wakisema "kwa kweli" mara sita kwa dakika nitachoka vilevile, tofauti nitachoka kwa ufasaha. Msibani neno hilo nalikubali. Mtu akikushika mkono akasema "kwa kweli tumepata pigo", halafu akanyamaza, hapo limekaa mahali pake na hakuna wa kulitoa. Lakini kwenye bei ya nyanya?

Mkutano wa mwisho wa kikundi chetu cha kusaidiana ndio ulionichosha hasa. Ajenda ilikuwa moja: tununue turubai jipya au tushone la zamani. Mjumbe wa kwanza alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza: "Ndugu mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, kiukweli binafsi mimi kama mimi naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Isipokuwa..." Na hiyo isipokuwa ikala asilimia zote mia. Alimaliza akiwa anapinga turubai, anapinga viti, na anahoji hesabu za mwaka uliopita. Mtindo huu tumeufuata Dodoma. Bungeni mheshimiwa huunga mkono hoja asilimia mia moja, kisha hutumia dakika zake zote kueleza kwa nini daraja la jimboni kwake halijajengwa, na kengele ikilia huunga mkono tena. Kule angalau wana kengele.

Walifuata wengine, kila mmoja na utangulizi wake. Mmoja aliomba asinukuliwe vibaya, nasi wala hatukuwa na mpango wa kumnukuu. Mwingine alizungumza "kwa uelewa wangu mdogo", akachukua muda mrefu kuliko wenye uelewa mkubwa. Jua likaanza kuteremka. Ndipo bibi mmoja wa upande wa nyuma, ambaye alikuwa akichambua maharage yake kwenye ungo muda wote, akasema bila kusimama: "Sitaki. Lishonwe." Kikao kikaisha hapo. Katibu akaandika azimio kwa mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulisomeka.

Nilidhani labda ni ugonjwa wetu peke yetu, mpaka mjukuu wangu wa kidato cha pili alipoleta daftari la Kiingereza mezani kwangu. Kumbe Waingereza nao wamo, ila wao wamelitengea neno la kukolezea maoni kiti maalumu: linakaa katikati, baada ya msemaji na kabla ya kitenzi. "I really think", "I honestly believe", "I totally agree". Hawaombi radhi wala hawazunguki, neno linaingia pale na kukaa. Na kiti hicho si cha kuchezea, maana ukilisogeza neno hatua moja tu umebadilisha habari. Mtu akisema "I really don't like it", chakula kimemchukiza, ondoa sahani. Akisema "I don't really like it", hakimvutii sana lakini anaweza kukimaliza. Neno ni lilelile, limeruka kikanushi tu. Mjukuu akauliza, "Babu, sasa mgeni akila ugali wetu nitajuaje amesema lipi?" Nikamwambia atazame sahani.

Kiswahili hakikuacha nafasi hiyo. Msemaji, wakati na kitendo vimeshikana pamoja: ninapenda, sikupenda, hatutapenda. Kitenzi chetu ni foleni ya malori ya Tunduma, aliyepangwa kapangwa, na hakuna wa kuchomekea katikati isipokuwa kiambishi chenye kibali. Anayetaka kukoleza sharti aende nyuma. Sipendi sana. Sipendi kabisa. Sipendi hata kidogo. Hizo ni hali tatu tofauti za moyo, na zote zimepimwa mkiani. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye lugha hii akisikiliza hutega sikio mwishoni mwa sentensi. Bibi yule na "lishonwe" yake alijua hilo. Mpenda kiukweli hajui: anamaliza nguvu zote mlangoni, akifika kwenye kitenzi hana kitu cha kusema.

Nisieleweke kwamba kila neno la mbele ni la bure. "Huenda" linakaa mbele na linafanya kazi ya kueleweka, tena linakivua kitenzi nguo na kukivika nyingine: atakuja inageuka huenda akaja, nawe unajua usichinje kuku bado. "Kweli" nalo ukilihamisha linahama na maana. Mwenye duka akikuambia "kweli, umelipa", amekubali, nenda nyumbani. Akikuambia "umelipa kweli?", anza kutafuta risiti. Maneno hayo yana mshahara halali.

Hata "inakadiriwa" naiheshimu. Tuna kimondo chetu hapa Mbozi, kule Ndolezi, ambacho wenyeji walikifahamu miaka mingi kabla mpima ardhi W. H. Nott hajakitangaza kwa walimwengu mwaka 1930. Maandishi mengine hukipa uzito wa tani 12, mengine hutaja 16. Chuma chenye urefu wa kama mita 3 hukipandishi kwenye mizani ya Mpemba kama lori la mahindi, kwa hiyo anayesema "inakadiriwa tani 16" amenipa habari mbili: uzito wenyewe, na kwamba nisibishane naye kwa ajili ya tani moja. Sasa mpe nafasi huyo wa kiukweli akuongoze pale. "Kiukweli kina tani 16." Hapo amenipa habari moja na mashaka mengi.

Maana mashaka ndiyo mazao ya neno hili. Mnunuzi wa maharage akija uani akasema "nakupa bei hii", tunaongea. Akija akasema "kiukweli mzee wangu, nikwambie ukweli wa Mungu, binafsi nakupa bei nzuri", mke wangu, ambaye hajawahi kuanza sentensi kwa kiukweli tangu nimwoe, anaingia ndani na kufunga ghala. Na hajawahi kukosea mnunuzi.

Kikundi chetu kina faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni, na zote zinalipwa bila manung'uniko makubwa. Mkutano ujao ninapeleka pendekezo la tatu: shilingi 500 kwa kila kiukweli, 500 kwa binafsi, na 1,000 kwa mimi kama mimi kwa sababu ina watu wawili ndani. Kwa kasi ya mkutano uliopita turubai jipya tutalipata kabla ya mavuno ya kahawa, na bibi yule hatachangia hata senti. Wajumbe wenzangu mnaosoma hapa, anayepinga asimame, aseme "napinga", akae.